Kikanisa cha Malaika Mikaeli juu ya mwamba, Le Puy-en-Velay: ngazi 268 na bado naipa nyota nne na nusu

Nyota nne na nusu. Ile nusu nimeikata kwa niaba ya wazee na wote wenye magoti mabovu, maana hamna lifti, hamna njia ya kuzungukia nyuma, hamna ujanja wowote, ni ngazi 268 za mawe na pumzi zako mwenyewe. Mengine yote sina neno, na nitaeleza kwa nini, maana naona watu wengi wanaenda pale wanapiga selfi juu wanashuka wanaandika "view nzuri" basi, wanakuwa wamelipa hela wakaacha nusu ya mali pale pale.

Kwa asiyejua: panaitwa Saint-Michel d'Aiguilhe, ni kanisa dogo la karne ya 10 lililojengwa kwenye ncha ya mwamba wa volkano, Ufaransa, pembeni ya mji wa Le Puy-en-Velay. Kiutawala Aiguilhe ni kamji kanachojitegemea chenye meya wake lakini ukiwa unatembea huoni mpaka, unashtukia tu umefika. Mwamba wenyewe una zaidi ya mita 80 kwenda juu, umesimama peke yake kama kichuguu katikati ya shamba, alafu huko juu kabisa ndo wameweka kanisa na mnara wa kengele. Kwenye picha linaonekana la kuchezewa na kompyuta. Halijachezewa, ndivyo lilivyo. Ni shina la volkano iliyolipuka kwenye maji miaka kama milioni mbili iliyopita, udongo wa pembeni ukaliwa na mvua na mito ukabaki huo mkaidi wa katikati.

Tulienda mimi, mume wangu na mama mdogo aliyekuwa amekuja Lyon kututembelea kutoka Kilema, Kilimanjaro. Mama mdogo ni WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wa damu, kwa hiyo kumzungusha madukani tu isingewezekana, alitaka hija. Na yeye ana hesabu zake na Wafaransa, kwamba mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Kilema mwaka 1890 walitoka huku, "basi na mimi nikaone kwao wanasalije." Nikaona Le Puy panafaa zaidi kuliko Lourdes kwa wikiendi. Kutoka Lyon unapanda treni unabadilishia Saint-Étienne, na kipande cha pili treni inafuata mto Loire kwenye mabonde mazuri sana, kaa dirishani usilale.

Sasa historia, nivumilieni kidogo maana bila hii utaona mawe tu. Mwaka 950 askofu wa Le Puy aliyeitwa Godescalc aliondoka na msafara mkubwa kwenda Santiago de Compostela, Hispania ya mbali kule, kwenye kaburi la Mtume Yakobo, akarudi 951. Ni mmoja wa mahujaji wa kwanza kutoka nje ya Hispania tunaowajua kwa jina kabisa. Na tunajua kwa sababu njiani alipita kwenye monasteri ya Albelda, mtawa mmoja aitwaye Gomez akamnakilia kitabu kuhusu ubikira wa Mama Maria, na mwanzoni mwa kitabu akaandika huyu askofu alikuwa nani na anaelekea wapi. Yaani mwandishi mmoja asingeweka hiyo maelezo safari nzima ingepotea. Aliporudi ndo hiki kikanisa kikajengwa, miaka ya 960, kazi ikisimamiwa na dekano, yaani mkuu wa mapadre wa kanisa kuu, aliyeitwa Truannus. Kwa nini juu hivyo? Kwa sababu ni cha Malaika Mkuu Mikaeli, na huyu zamani zote walimpa vilele, Monte Gargano kule Italia, Mont-Saint-Michel baharini huko Normandie, na hapa. Malaika wa juu anawekwa juu, hamna hesabu ngumu hapo.

Haya, kupanda. Tiketi mnakata chini, ni chini ya euro kumi kwa mtu mzima, na kabla hujaingia geuka uangalie kikanisa kingine kidogo cha pembe nane, Saint-Clair, kipo chini ya mwamba na watu wengi wanakipita wakiwa wameangalia juu. Alafu ngazi. Zinazunguka mwamba, ukuta mfupi upande wa bonde, na hazilingani, nyingine fupi nyingine ndefu, zimelika katikati kwa miguu ya watu wa miaka elfu. Mama mdogo alipanda na rozari mkononi na kila fumbo moja tunasimama, mbinu nzuri sana kwa kweli kuliko ya wale vijana waliotupita wakikimbia tukawakuta wamekaa chini wamekuwa wekundu. Zamani njiani palikuwa na vikanisa vidogo vya kusimama kusali, kimoja cha Malaika Gabrieli, kingine cha Rafaeli, kwa hiyo hujaji alikuwa anapita kwa malaika wengine kwanza kabla ya kufika kwa Mikaeli mwenyewe. Nimeipenda hiyo akili. Ilikuwa inakupa sababu ya kupumzika bila aibu.

Njiani pia kuna mahali pana hadithi ya binti. Wanasema alisingiziwa kuwa si mwadilifu, akaruka kutoka mwambani kuthibitisha usafi wake, Mungu akamlinda akafika chini mzima. Akaruka tena, mzima. Alafu akaruka mara ya tatu, safari hii kwa majivuno tu, akafa. Mume wangu alimtafsiria mama mdogo huku wote tunahema, akasimama akafikiria, akauliza, "Sasa ya tatu alikuwa anatafuta nini, mwanangu? Si walishamwamini?" Akaendelea kupanda anatikisa kichwa, na mpaka tunafika juu bado alikuwa anamsema yule binti.

Juu unakutana kwanza na mlango, na hapa ndo ninapowagombeza wa selfi. Simama. Mbele ya mlango wamejenga tao lenye mikunjo mitatu, ukuta umepambwa kwa vijiwe vya rangi, vyeusi vyeupe na vyekundu vimepangwa mistari na nyota, na juu ya mlango wamechonga nguva wawili. Ndiyo, nguva, mlimani, mlangoni mwa kanisa. Mapambo hayo ni ya karne ya 12 kanisa lilipoongezwa, na ukishuka kwenda kanisa kuu la mjini utaona mchezo ule ule wa mawe meusi na meupe ukutani. Wataalamu wengi wanaona hapo mkono wa Uislamu wa Hispania, na inaingia akilini, maana hii njia ya mahujaji ilikuwa inakwenda na kurudi Hispania na mafundi hawakuwa vipofu. Tena kwenye kanisa kuu kuna milango ya mbao ya karne hiyo hiyo ya 12 ina maandishi ya pembeni ya kuigiza Kiarabu cha kale, cha Kikufi! Ndugu zangu wa Zanzibar na Lamu mnaojua milango yenu ya kuchonga, hii nendeni mkaione kwa macho yenu.

Ndani ni giza kidogo, baridi, na padogo. Wanaotegemea ukumbi mkubwa watasikitika. Lakini angalia umbo. Hawakusawazisha mwamba ili wapate kanisa la mraba zuri, walifuata mwamba ulivyo, kwa hiyo kanisa limepinda, nguzo zimezunguka kwa mkunjo usio duara wala si chochote, dari inashuka inapanda, na katikati ya hayo yote kuna kile kichumba cha mraba cha mwanzo kabisa, cha Truannus na Godescalc, ndo altare ilipo. Karne ya 12 walipotaka nafasi zaidi hawakukibomoa, walikizungushia tu kanisa jipya mpaka mwisho wa jiwe ulipo. Mimi si mtu wa majengo lakini nilikaa pale kwenye benchi nikaona hii ndo sababu ya nyota zangu. Kila mahali siku hizi tunapiga greda kwanza alafu ndo tunajenga. Hawa jamaa walipanda na mawe mgongoni mpaka ncha ya mwamba wakauliza mwamba unataka kanisa la namna gani.

Juu ya kichumba hicho kuna michoro ya ukutani ya zamani sana, imefifia, Kristo ameketi katika utukufu, Mikaeli yupo, jua na mwezi. Msiende na haraka, macho yanahitaji muda kuzoea, mwanzoni unaona madoa tu, baadaye sura zinaanza kutoka. Na kuna tundu lenye nondo ukutani lina vitu vilivyopatikana mwaka 1955 walipofungua altare: wakakuta hazina ya masalia, yaani mabaki ya watakatifu, iliyokuwa imefichwa humo karne na karne, pamoja na Kristo mdogo wa mbao aliyetengenezwa kubeba masalia. Fikiria ni watu wangapi wamesali mbele ya ile altare bila kujua kilichomo. Mama mdogo alipiga magoti pale, na aisee nilipenda kwamba hakuna aliyemsumbua, japokuwa pale siku za kawaida ni sehemu ya kutembelea kwa tiketi zaidi kuliko parokia. Akasali sala ya Malaika Mikaeli kwa sauti, ya Kiswahili, Wajerumani wawili waliokuwa wanapiga picha wakashusha kamera wakangoja amalize.

Nje unaweza kuzunguka kanisa kwa kinjia chembamba na kuona mji mzima, mapaa mekundu, vilima vya volkano kila upande. View nzuri, haya nimesema na mimi.

Lakini kama unakuja kwa ajili ya hija yenyewe, sikiliza: kikanisa ni nusu, nusu nyingine ipo kanisa kuu la Notre-Dame, na inaanza asubuhi sana. Kila siku saa moja asubuhi kuna misa ya mahujaji, alafu mwishoni padre anawaita wote wanaoanza kutembea siku hiyo, wanajikusanya mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yakobo na mabegi yao mgongoni. Anawauliza mmetoka wapi, nchi kwa nchi, watu wanajibu, Kanada, Korea, Uswisi. Sisi tulikuwa tumekaa nyuma tu maana hatuendi popote, lakini padre akamwona mama mdogo na kitenge chake cha WAWATA akamuuliza na yeye, akajibu kwa sauti ya kwaya kabisa, "Tanzania!" na kanisa zima likageuka. Wanapewa baraka, wanapata kimedali, na kisha, hapa ndo nilipopata vipele vya mwili, sakafu inafunguka. Kweli kabisa, katikati ya kanisa kuna wavu wa chuma sakafuni, unafunguliwa, chini yake kuna ngazi kubwa, mahujaji wanashuka mmoja mmoja wanatokea moja kwa moja barabarani na mji uko chini yao. Wenyeji wana msemo kwamba kanisa hili unaingia kwa kitovu unatoka kwa masikio, kwa sababu ya hizo ngazi za tumboni na milango ya pembeni. Kutoka hapo mpaka Santiago ni takriban kilomita 1,500. Kwa mguu. Sisi tuliozoea kusikia watu wanatembea kwenda Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, mwezi wa sita tunaelewa roho yake, ila hii ni miezi, sio siku.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakisemi kwenye reviu na mimi ndo kilinigusa zaidi. Yule asiyeweza kutembea anaandika nia yake kwenye karatasi, anaiacha hapo kanisani, na hujaji anayeondoka anachukua karatasi ya mtu asiyemjua anaibeba na kuiombea njiani. Mama mdogo aliandika. Ndefu, pande mbili. Sijasoma na sikuuliza. Asubuhi iliyofuata tuliona karatasi zimechukuliwa, na akawa anaangalia kila mwenye begi anayeshuka zile ngazi, anajaribu kubahatisha ni nani kambebea ya kwake, akachagua kijana mmoja mrefu mwenye ndevu, "huyu atafika, ana miguu."

Juu ya altare kuu kuna Bikira Maria mweusi. Wa zamani kabisa aliyekuwa anahijiwa na wafalme alichomwa moto wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, tarehe 8 Juni 1794, kwenye uwanja wa Martouret hapo mjini, kwa hiyo unayemwona leo ni mwingine aliyeletwa karne ya 19, na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya kupalizwa, anatolewa kwa maandamano makubwa. Pia kuna jiwe leusi wanaloliita la homa, wagonjwa walikuwa wanalala juu yake wapone. Mama mdogo aliligusa akasema ni baridi tu.

Na ile Salamu Malkia tunayoimba kila mwisho wa rozari? Kwa mapokeo inahusishwa na huyu huyu Le Puy, wapo wanaosema ilitungwa na askofu wao Adhémar, yule aliyekuwa mwakilishi wa Papa kwenye Vita vya kwanza vya Msalaba, na zama zile iliitwa kabisa antifona, yaani wimbo wa ibada, ya Le Puy. Kuna wanaobisha na wana hoja zao. Nilipomwambia mama mdogo hakungoja mjadala, alianza kuiimba pale pale ngazini.

Wakatoliki wenzangu wanaopenda jubilei: Le Puy wana jubilei yao ya pekee, Ijumaa Kuu ikiangukia tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari na malaika. Ilitokea 2005, ikatokea 2016, inayofuata ni 2157. Kwa hiyo usipange.

Sasa ile sanamu kubwa nyekundu ya Bikira Maria kwenye mwamba wa pili, Notre-Dame de France. Imetengenezwa 1860 kwa chuma cha mizinga 213 iliyotekwa Sevastopol kwenye vita ya Crimea, ina mita 16 bila kuhesabu msingi, na unaweza kupanda ndani yake mpaka kichwani. Nampa nyota mbili na nusu. Wazo la kuyeyusha mizinga ukatoa Mama wa Mungu sina ugomvi nalo, zuri sana, lakini ndani ni ngazi ya chuma, joto, na vidirisha. Ukiwa na nguvu za kupanda mlima mmoja tu siku hiyo, panda wa Mikaeli, huu wa sanamu uangalie ukiwa mbali, na kwa mbali ndo unapendeza.

Chakula. Mji huu unajulikana kwa dengu za kijani, kamande kwa ndugu zetu wa Kenya, ndogo ndogo, hazipondeki zikiiva, zina hadhi ya kulindwa kisheria toka 1996 kwamba ukilima kwingine huwezi kuziita za Le Puy. Mgahawa mmoja karibu na ngazi za kanisa kuu tulikula dengu na soseji, dengu safi kabisa, soseji ya kawaida, na mhudumu aliyetuonyesha wazi kwamba tumekaa sana. Jina nalihifadhi. Kuna na pombe yao ya majani ya verveine, ya kijani, tamu alafu kali, mume wangu aliisifia, mimi nilionja nikamwachia. Vitambaa vya lesi vya kufuma kwa mkono pia ni vya huku, lakini angalieni vizuri kabla ya kununua, kile cha mashine na cha mkono bei hazifanani na havitakiwi kufanana.

Vya kuzingatia kwa haraka. Lala mji huo huo usiku mmoja angalau, la sivyo misa ya saa moja huipati. Asubuhi kanisa kuu, kunywa chai, kisha kikanisa kabla ya saa sita, jua la mchana wakati wa kiangazi linapiga mwamba na zile ngazi zinakuwa adhabu. Mvua ikinyesha mawe yanateleza kweli, vaa raba zenye meno, sio kandambili kama dada mmoja tuliyemwona akishuka kwa makalio. Msimu wa baridi wanapunguza saa na kuna kipindi wanafunga kabisa, angalia tovuti yao kabla hujakata tiketi ya treni. Maji beba mwenyewe. Kiti cha magurudumu hakiwezekani na wala wasikudanganye, ila kwa mtu kama huyo bado kanisa kuu lipo na kuandika ile karatasi kunawezekana. Na mwenye mtoto mchanga, kigari acha chini, mfunge mgongoni na kitenge kama nyumbani.